Sinia Lilirudi Limejaa

Tulimzika Tonton Gaspard siku ya Jumamosi, na alasiri ile ile, nyumbani kwa binti yake Nadège huku Anderlecht, mjini Bruxelles, niliona sinia la chai likizunguka sebule nzima na kurudi jikoni limejaa vilevile lilivyotoka. Aliyelibeba ni Maman Adolphine, mama yangu mdogo, mjane wa kaka yake marehemu. Magoti yake yamechoka siku hizi, lakini alikataa kusaidiwa, maana yeye ndiye mkubwa aliyebaki kwetu na chai ya matanga ni kazi ya mkubwa. Akapita mbele ya kila kiti. Hakuna aliyemjibu vibaya, hata kidogo. Mmoja alisema ameshakunywa, mwingine anangoja kahawa, mwingine alisingizia kisukari, na miye nawajua wote waliokuwa pale: mwenye kisukari ni mimi peke yangu. Nilimfuata jikoni nikamkuta amesimama mbele ya vikombe, anavitazama. Nyuma ya mlango nilikuwa nimeshamsikia Nadège akimuuliza mdogo wake kwa sauti ya chini, papa alikula kwa nani mara ya mwisho. Jibu kila mtu analijua. Tonton Gaspard alikula chakula chake cha mwisho Jumapili kwa Maman Adolphine, bukari, ugali wetu, na samaki, akarudi kwake akalala, na asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Lakini kwetu daktari akisema moyo, watu huitikia kwa kichwa halafu hutazamana.

Sinia lile lilinirudisha mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa Wajapani, kama tunavyouita nyumbani. Nilikuwa nalala kwenye kochi la huyu huyu Maman Adolphine, katika jengo la mtaa ambalo lifti yake ilikuwa na harufu ya mbwa aliyelowa, na dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa ghala. Ndani palikuwa safi kupita kiasi. Maman alikuwa na kufuli kwenye kabati la unga. Chumvi aliiweka chumbani kwake. Akienda kwenye ubatizo au harusi alibeba maji yake kwenye mkoba, na sahani ya watu aliishika magotini mpaka mwisho wa sherehe bila kugusa hata mchele. Sikumshangaa. Nilijua kilichomfanya awe vile, kila mtu wa Lubumbashi hapa Bruxelles alikijua: mume wake, Papa Ferdinand, alikufa usiku mmoja baada ya chakula cha Jumapili, mzima wa afya, na chakula kile alikula na mdogo wake Gaspard, ambaye ndiye aliyeleta bia. Gaspard ndiye baadaye aliyeshika malori ya kaka yake. Maman hakuwahi kumshtaki mbele ya watu. Alisema tu, akikatakata sombe, majani ya muhogo, kikulacho ki nguoni mwako, na kisu kikagonga ubao kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Na bado Gaspard alikuja kila Jumapili baada ya misa. Asingekuja, watu wangesema. Maman asingemfungulia, watu wangesema pia. Basi alikuja na suti yake ya kijivu na chupa ya maji ya matunda ndani ya mfuko wa plastiki, akaitoa kwa mikono miwili, na maman akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipeleka jikoni na kuiweka chini ya sinki. Chini ya sinki palikuwa na safu ya chupa hizo, zimejipanga mpaka ukutani, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kisha maman alimwekea chai ya maziwa. Walizungumza habari za baridi, za bei ya nyumba, za pasta mmoja wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, aliyekimbia na mke wa mtu. Saa ilipofika Gaspard alisimama, akashika tumbo, akasema estomac yake inamsumbua, akaaga. Mimi nilimwaga kikombe chake na kukiosha. Nilimhurumia kwa tumbo lile. Nilikuwa mtoto mjinga, nikiona kilicho mbele yangu bila kukitazama.

Nilikuwa nasomea utengenezaji wa vifaa vya jukwaani, na mwaka ule shule ilinituma kufanya mafunzo katika ukumbi mdogo wa tamthilia karibu na mfereji. Mzee mmoja Mjapani, Bwana Tokunaga, alikuwa akitayarisha pale mchezo wa noh. Noh ni tamthilia yao ya kale sana, ya vinyago na ngoma na mwendo wa polepole hata ukadhani wachezaji wamelala. Ila huu wa kwake ulikuwa mpya, ameuandika mwenyewe, na ameutoa katika desturi yao ya kuandaa chai. Kazi yangu ilikuwa kujenga kibanda cha fito za mianzi zilizozungushiwa vitambaa vyeupe, na kuandaa vyombo vya chai katika chumba cha nyuma, kwa sababu mzee alitaka waigizaji wake wanywe chai ya kweli kila siku ili mikono isidanganye jukwaani. Aliyenifundisha ni Madame Sachiko, mkalimani wake, mama mwembamba aliyeolewa na Mbelgiji wa Etterbeek. Sikumwamini. Alikuwa anacheka kwa mdomo tu, na alijua kusikiliza mno.

Chai yenyewe ni unga wa kijani, unachungwa, unamwagiwa maji ya moto, unapigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi. Madame Sachiko alinionyesha jinsi mwenyeji anavyofuta kijiko, anavyosuuza bakuli na kulipangusa, vyote mbele ya wageni. Nikamwambia vyombo hivi nimeviosha mimi asubuhi, ni visafi. Akasema anajua, havioshwi kwa sababu ni vichafu, vinaoshwa ili mgeni aone. Nilikaa na jibu hilo siku nzima na sikulipenda. Kwetu anayejisafisha mbele yako bila kuulizwa ndiye wa kuangaliwa. Kisha nikaona jambo lililonitia wasiwasi zaidi: mwenyeji anaandaa, anatoa, wageni wanakunywa, yeye hanywi. Hata tone. Kwetu Katanga, na nadhani kwa majirani zetu wengi, anayekupa kinywaji anafungua chupa mbele yako, anaonja yeye kwanza, ndipo anakupa. Asiyeonja, usinywe. Nilipomsimulia maman jioni ile aliacha kupepeta unga. Akasema nisiguse chai ya watu wale, na kwamba mutu anapika, anakuangalia unakula, yeye hali, unamujua ni muntu gani. Nilimwambia nimeshakunywa. Alinitazama usingizini wiki nzima, nikiamka usiku namkuta kwenye mlango wa sebule ananisikiliza kama napumua.

Nilipoelezwa hadithi ya mchezo wenyewe ndipo damu ilinisimama. Mtawa mmoja msafiri anafika kwenye kibanda kilichoachwa, anamkuta mzee anachemsha maji. Mzee anamwambia kwamba zamani aliishi hapo mwenyeji aliyemwalika rafiki yake kunywa chai. Rafiki alikuwa amesikia maneno ya watu kwamba chai ile ina sumu. Alikuja, kwa adabu, akakaa, akaacha bakuli limejaa, akaondoka. Mwenyeji alilitazama bakuli lile mpaka likapoa, na hakutoka tena kibandani mpaka akafa. Mzee yule, bila shaka, ndiye mzimu wa mwenyeji. Nikajiuliza ni nani aliyempa Mjapani huyu habari za nyumba yetu. Nilimshuku Madame Sachiko, nikamshuku fundi wa taa aliyekuwa na rafiki wa kike Mkongo, nikapekua kichwani nani nimemwambia nini. Niliamini kabisa kwamba kuna mtu wa Matonge aliyetuuza. Ilinichukua muda kukubali kwamba hata Japani watu huacha vikombe vimejaa.

Kitu kimoja alichosema Madame Sachiko kilibaki. Alisema bakuli likirudi usikimbilie kuliosha, litazame kwanza, litakuambia mgeni alikuwa na moyo gani. Basi Jumapili iliyofuata, Gaspard alipoaga na tumbo lake, nilichukua kikombe chake jikoni na nikakitazama badala ya kukimwaga. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Utando wa maziwa ulikuwa umetanda juu, mzima, haujavunjika popote. Ukingo mkavu. Mtu yule alikuwa hajalowesha hata mdomo, na nilikumbuka ghafla vikombe vyote nilivyomwaga miezi ile, vyote vizito vile vile mkononi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Ferdinand alikufa baada ya chakula kile, sawa, na Gaspard alileta bia. Lakini chakula nani alipika?

Nilimkimbilia, nikamkuta anashuka ngazi za metro. Nilimuuliza tu, kwa heshima, Tonton, tumbo linakuuma tangu lini. Akasimama, watu wakitupita pande zote mbili. Alikuwa na macho mekundu ya mtu wa zamu ya usiku.

"Tangu siku tulimuzika kaka yangu," akasema. "Mama yako mudogo alipika, Clarisse. Mimi nilikuwa pale. Alipika, na hakulia vile mwanamuke analia."

Kisha akapanda treni. Nilirudi nyumbani nikamkuta maman anapanga ile chupa mpya chini ya sinki, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa. Nasema ukweli. Yeye aliniokota uwanja wa ndege nikiwa na sweta moja, akanipa blanketi lake, na usiku ule nilipoletewa sahani nilitazama kwanza kama naye anakula. Shaka ni kama upele, unaushika kwa kumgusa aliye nao. Wawili hawa walikuwa wanatembeleana kila Jumapili kwa miaka, kila mmoja akimwona mwenzake muuaji, na kila mmoja akidhani mwenye kushuku ni yeye peke yake. Maman hakujua kwamba naye anashukiwa. Sikuthubutu kumwambia.

Nikafanya nilichoweza. Wafanyakazi wa ukumbi tulipewa tiketi za jamaa zetu, nikampa maman moja na Gaspard moja, kila mmoja kivyake. Walipokutana mlangoni walisalimiana vizuri sana. Maman alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka, na mkoba wake ulikuwa mzito kwa maji. Tulikaa mstari mmoja, mimi katikati. Mchezo ulianza, filimbi ikalia kwa namna ya kukata maini, na Bwana Tokunaga akatoka pole pole na kinyago cha mzee. Nyuma ya jukwaa, pembeni, alikaa mwanamume aliyevaa nguo nyeusi, bila kinyago, bila kusema, bila kufanya lolote. Maman alininong'oneza ule wa nyuma ni nani. Nikamweleza nilivyoelezwa: ni mwigizaji mkubwa naye, anakaa pale mchezo wote, na mwenye kinyago akianguka au akifa, yeye atasimama amalizie, kwa sababu mchezo wa noh haukatizwi. Maman akaguna. "Donc, anangojea mukubwa aanguke," akasema, si kwa sauti ya chini vya kutosha. "Njo Gaspard ule." Yaani, ndiye Gaspard yule. Sikugeuza shingo. Nilisikia tu kiti cha upande wa pili kikilia.

Mwisho wa mchezo mtawa analichukua bakuli na kunywa, na mzimu unacheza, taratibu, halafu hauko tena. Watu walilia. Nyuma yangu mwanamke mmoja Mbelgiji alikuwa anafuta macho kwa skafu. Nikamgeukia maman nikitumaini, sijui nilitumaini nini. Alikuwa amekaza uso.

"Na hakuonja," akasema. "Umeona? Mpaka anakufa, mpaka anakuwa mzimu, hakuonja. Muntu hana kosa, angeonja."

Hapo ndipo nilipokata tamaa. Lakini Bwana Tokunaga alikuwa na desturi, siku ya mwisho, ya kuwaita jamaa za wafanyakazi kwenye kile chumba cha nyuma na kuwaandalia chai kwa mkono wake kuwashukuru. Si ile nyepesi ya kila siku. Hii ni chai nzito, nzito kama uji, na huandaliwa bakuli moja tu kwa wageni wote. Wa kwanza anakunywa, anafuta ukingo, anampa wa pili. Sikujua kwamba ataandaa hiyo. Ningejua ningewarudisha nyumbani. Kwa sababu ya umri maman aliwekwa wa kwanza, Gaspard wa pili, mimi wa mwisho, na Madame Sachiko akapiga magoti pembeni kutafsiri. Mzee, bado na alama ya kinyago usoni, alifuta kijiko mbele yetu. Alisuuza bakuli mbele yetu. Maman alifuata kwa macho kila kidole chake. Chumba kilikuwa na harufu ya makaa na ya nyasi mbichi. Bakuli likawekwa mbele ya maman, na Madame Sachiko akamwelekeza kwamba kabla ya kunywa, mgeni humwomba radhi wa pili yake kwa kumtangulia. Maman akamtazama Gaspard. Gaspard akamtazama maman. "Tangulia, belle-sœur," akasema, yaani shemeji. "Hapana, weye mwanaume, tangulia," akasema maman. Na wakaendelea hivyo, na Madame Sachiko akitabasamu kwa kuona jinsi watu wetu walivyo na adabu nyingi.

Maman akauliza kwa Kifaransa, wazi kabisa, kama bwana huyu mwenyewe hatakunywa. Mzee alipotafsiriwa alifikiri. Akajibu kwamba hapana, bakuli hili si lake, lakini kila alichofanya amekifanya mbele ya macho yao. Maman akakitazama tena kile kijiko, akalitazama bakuli. Kisha akaniambia mimi, kwa lugha yetu, kama anayehitimisha hesabu: "Bon. Huyu muzee hatumujue. Hana sababu ya kutuua." Akanyanyua bakuli akanywa. Akakunja uso kwa uchungu wa ile chai, akafuta ukingo kwa karatasi kama alivyoonyeshwa, akaligeuza, na akamnyooshea Gaspard kwa mikono miwili.

Sasa bakuli lilikuwa limetoka kwenye mikono ya Adolphine. Gaspard hakulipokea. Mikono yake ilikaa juu ya magoti, na nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na nikaona maman akiliona. Alitazama mikono ile, akatazama uso. Nilikuwa karibu sana naye nikaona linapomwingia, kwamba kumbe miaka yote hiyo kikombe chake ndicho kilichokuwa kinaogopwa. Uso wake ulisawajika. Sijawahi kumwona mtu akiumizwa vile bila kuguswa. Lakini bakuli hakulishusha.

"Gaspard," akasema. "Nimekunywa ya kwanza."

Akalipokea. Madame Sachiko alikuwa amewafundisha mahali pa kunywea, pale pale aliyetangulia alipofuta. Gaspard aliligeuza tena, akaweka mdomo wake pale pale maman alipokuwa amenywea, akanywa, akanywa tena. Macho ya maman yalikuwa yamejaa. Mimi nikapewa kilichobaki, na Madame Sachiko akaninong'oneza kwamba wa mwisho hunywa funda la mwisho kwa sauti, avute mpaka isikike, ili mwenyeji ajue imekwisha. Kwetu ni tabia mbaya hiyo. Nilivuta kwa aibu, hata sidhani mzee alisikia.

Jumapili iliyofuata Gaspard alikuja na chupa yake. Maman alikwenda chini ya sinki akachukua ya zamani kabisa, akaifungua mbele yake, akaonja, akammiminia. Akanywa. Wakazungumza habari za baridi. Jina la Ferdinand halikutajwa siku ile wala nyingine yoyote niliyokuwepo, na mimi mpaka leo sijui aliuawa au alikufa tu kama watu wanavyokufa. Wakati mwingine namshuku mmoja, wakati mwingine mwingine, moyo wa mtu ni kichaka. Ninachojua ni kwamba tangu mwaka ule walikula pamoja kila Jumapili, mmoja akionja mwingine akipokea, wakawa wazee hivyo, mpaka Jumapili ya juzi.

Basi pale jikoni kwa Nadège nilimwambia maman alirudishe sinia sebuleni. Akasema waache, wamekataa. Nikasema lirudishe. Akalibeba, akasimama katikati ya viti, na wote wakaanza kutafuta simu zao. Nilichukua kikombe cha kwanza. Kilikuwa na sukari ya matanga, vijiko visivyo na idadi, na Mungu anisamehe, kabla ya kunywa nilitazama ndani. Maman aliniona nikitazama. Kisha nilikigeuza kidogo mkononi nikanywa chote bila kupumzika, na funda la mwisho nililivuta kwa sauti, kwa nguvu zangu zote, mpaka wazee waliokuwa kwenye korido wakachungulia.

"Clarisse," akasema maman taratibu, "weye uko na sukari mu damu."

"Niongezee, Maman," nikamwambia.

Akaweka sinia juu ya meza, mbele ya Nadège. Akamimina kikombe kingine, akakiinua, akaonja yeye kwanza, akinitazama mimi tu, kisha akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa na hicho.